Maji ndiyo ya kuogopa: Kwenda Yellowstone na familia wakati wa theluji

Mwaka wa kwanza tulifika mji wa West Yellowstone saa nne asubuhi, makabati yamejaa chakula, watoto wamebandika pua kwenye vioo, na mume wangu, Baba Salma, akaliendesha gari-nyumba moja kwa moja hadi lango la hifadhi kama mtu anayekwenda Mikumi. Lango lilikuwepo. Barabara haikuwepo. Mbele yetu palikuwa na tandiko la theluji iliyoshindiliwa, na juu yake wakapita watu kumi kwenye pikipiki zenye skii mahali pa gurudumu la mbele, wakitupungia mkono.

Basi lijue hili kabla hujakodi chochote. Kuanzia mapema Novemba barabara nyingi za ndani ya Yellowstone hufungwa kwa magari ya magurudumu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi hupitwa na pikipiki za theluji na mabasi ya theluji tu. Njia pekee inayobaki wazi kwa magari mwaka mzima ni ya kaskazini, kutoka Gardiner kupitia Mammoth na bonde la Lamar hadi Cooke City. Kwa maneno mengine, gari-nyumba ni kambi yako nje ya lango, na ndani utaingia kwa chombo kingine.

Hapo ndipo safari inapogawanyika. Ukitaka kuona mbwa mwitu bila kushuka garini, nenda Gardiner. Bonde la Lamar ndilo mahali pa kuwatafuta alfajiri, na kizazi chao cha leo kilianzia kwa mbwa mwitu waliorudishwa hifadhini mwaka 1995. Ukitaka pikipiki na chemchemi maarufu ya Old Faithful, nenda West Yellowstone. Usijidanganye kwamba utafanya yote mawili kwa wikendi moja. Wakati wa kiangazi, kutoka West Yellowstone hadi Gardiner kwa kukata ndani ya hifadhi ni yapata kilomita 87. Wakati wa theluji unazunguka nje kupitia Bozeman na Livingston, karibu kilomita 270, tena kwa barabara ambayo hutapenda kuimaliza gizani.

Sisi tunaishi Boise, Idaho. Waswahili wa huku si wachache: Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi wa Tanga tunaohesabika kwa vidole. Wengine wako Twin Falls, Missoula, Salt Lake City. Tangu tuanze kwenda, kila Desemba simu yangu haipoi: Mama Salma, hivi kule baridi ikoje? Nami huwajibu kwamba baridi inavalika. Kinachotesa familia kwenye safari hii ni maji: ya kwenye mabomba, ya jasho, ya pumzi za watu wanne au watano waliojifungia usiku kucha ndani ya chumba cha bati. Mimi niliyekulia karibu na bahari nilidhani maji nayajua. Nilikuwa nayajua yakiwa na tabia nzuri.

Kila aliyewahi kuuza barafu za ubuyu anaijua siri yenyewe. Ukijaza mfuko hadi shingoni, asubuhi unaukuta umepasuka, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Mfuko wa nailoni ni hasara ya senti. Bomba lililopita nyuma ya kabati la gari-nyumba la kukodi ni mamia ya dola, na utaligundua siku litakapoyeyuka, yaani siku uliyoanza kufurahi. Usiku West Yellowstone hushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi chini ya sifuri bila mtu kushangaa, na ni karibu na mji huo, Februari 1933, ambapo kipimo kilifika nyuzi 54 chini ya sifuri.

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni mmoja na sitaki kubishana juu yake: usitumie mabomba ya gari kabisa. Kampuni nyingi hulikodisha wakati wa baridi likiwa limeshatolewa maji, na kwenye mabomba imetiwa ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Waambie waliache hivyo hivyo. Kisha ufanye mambo tuliyolelewa nayo: madumu manne ya lita 20, kopo, beseni na birika. Wazungu tuliopakana nao kambini walikuwa wakipasha mpira wa maji kwa kikaushio cha nywele saa kumi na mbili asubuhi, huku mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ameshatawadha kwa maji vuguvugu ya kopo, ameswali na anakunywa chai.

Madumu yalale ndani, sakafuni, yasilale kwenye sehemu za mizigo za chini hata kama mwenye gari amekuapia kwamba zina joto. Choo kitumike kwa kumwagia ile dawa ya waridi badala ya maji, vikombe viwili hivi kila mara, ili tangi la uchafu lisigeuke jiwe. Hakikisha ni ile ya magari-nyumba. Ile ya rejeta ya injini ni sumu, na harufu yake tamu huwavuta watoto na mbwa. Maji ya kopo ya kujisafishia myaweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mkayamwage mahali panaporuhusiwa. Ni kazi kidogo, naam, lakini ni kazi tunayoijua.

Sasa maji ya pumzi. Usiku wetu wa kwanza mama aliamua kuchemsha maharage. Saa mbili nzima sufuria ikitoa mvuke, hita inanguruma, sisi tunasifia harufu ya nazi. Saa tisa usiku Idi, mwenye miaka minane, akaamka analia kwamba kunanyesha. Kweli kulikuwa kunanyesha. Mvuke ulipanda, ukakuta dari ya baridi, ukawa matone, na matone yakamrudia mtoto aliyelala juu. Magodoro yanayogusa ukuta yalikuwa yamelowa upande mmoja, na mlango ulikuwa umegandia kwenye fremu. Baba Salma aliufungua kwa bega.

Tangu hapo chakula cha kuchemka muda mrefu tunakipika nyumbani, tunakigandisha kwenye vyombo na kule tunapasha tu. Ndizi nyama, maharage, mchuzi wa kuku, vyote hufika salama. Friji yenyewe iko nje ya dirisha. Acha tundu la hewa la darini wazi kwa upana wa vidole viwili usiku kucha, hata kama moyo unakuambia unachoma pesa. Fungua milango ya makabati ili hewa ya moto ifike nyuma. Tia mbao nyembamba au vipande vya mkeka kati ya godoro na ubao wake. Soksi na glavu zilizolowa zisianikwe chumbani kwa wingi, kwa sababu maji yanayotoka kwenye soksi hayaendi mbali, yanahamia kwenye blanketi lako. Kambi nyingi zina chumba cha kufulia chenye mashine ya kukaushia, ipende.

Kuhusu gesi nitasema kwa sauti nyingine. Sote tumewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa wasiamke. Muuaji wa huko na wa huku ni yuleyule, kaboni monoksaidi, asiye na harufu wala rangi. Kwenye gari-nyumba hutoka kwenye jenereta, kwenye bomba la moshi la hita lililozibwa na theluji, au kwenye majiko ya kupikia yaliyowashwa ili kupasha chumba. Kabla ya kusaini mkataba bonyeza kitufe cha kingʼora chake ukisikie kinalia, kisha beba kingine chako cha betri. Theluji ikianguka usiku, mmoja wenu atoke na sepetu afukue kuzunguka bomba la moshi kabla ya kulala na kabla ya kifungua kinywa. Majiko ya kupikia yapikie tu.

Gesi yenyewe iwe propeni. Buteni haigeuki mvuke chini ya sifuri, kwa hiyo vile vimitungi vidogo vya majira ya joto vitakuangusha saa unayovihitaji. Propeni huvumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Hesabu matumizi kwa ukarimu. Mtungi wetu wa kilo 9 tuliotarajia utumike wikendi nzima uliishia kabla ya mapambazuko ya usiku wa pili. Ukipata kambi yenye umeme, washa hita ndogo ya umeme isaidiane na ile ya gesi. Na kambi ndiyo ya kutafuta mapema kuliko yote, kwa sababu nyingi za pale hufunga wakati wa baridi, na zilizo wazi mara nyingi zina umeme lakini mabomba yao ya nje yamezimwa. Piga simu, usiamini picha; picha zote zimepigwa Julai.

Mengine ya gari ni mafupi. Egesha magurudumu juu ya vipande vya mbao, yasigandie ardhini. Kama ni la dizeli, jaza tangi kwenye vituo vya huko huko milimani, kwa sababu dizeli yao imechanganywa kwa ajili ya baridi na yako ya bondeni inaweza kuganda kama samli. Betri hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo waya wa kuamshia si anasa. Kutoka Boise unapitia Idaho Falls, kisha barabara namba 20 inapanda hadi Targhee Pass, mita 2,156, kabla ya kushuka West Yellowstone. Piga 511 usikie hali ya barabara kabla ya kuanza kupanda, na wakikuambia kuna upepo, lala huko huko chini. Gari-nyumba ni tanga.

Tuje kwenye pikipiki, maana ndiyo iliyowaleta watoto.

Yellowstone haikuruhusu uingie na pikipiki yoyote, saa yoyote, peke yako. Kuna historia hapo. Pikipiki za theluji za kwanza ziliingia mwaka 1963, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 moshi wa injini za mipigo miwili ulikuwa mzito kiasi kwamba wafanyakazi wa lango la magharibi walivaa vifuniko vya kupumulia. Zikafuata kesi na kanuni miaka na miaka. Leo pikipiki lazima iwe ya aina iliyoidhinishwa kwa usafi na utulivu wa injini, na uingie kwa moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kulipia msafara wenye kiongozi wa kampuni. Ya pili ni bahati nasibu ya vibali, inayofunguliwa Septemba, ambayo kila lango huruhusu kundi moja tu kwa siku, pikipiki zisizozidi tano, na kila anayeendesha awe amesoma na kufaulu kozi ya hifadhi mtandaoni.

Mara ya kwanza nenda na kiongozi wa kulipwa. Bei inauma, sikufichi; pikipiki mbili kwa siku zilitugharimu kuliko gari-nyumba lenyewe. Lakini kiongozi ndiye anayejua nyati wamelala wapi asubuhi hiyo, na ndiye anayebeba vifaa vya kuvuta pikipiki iliyozama. Suti, buti na helmeti mara nyingi hukodishwa hapo hapo, kwa hiyo usikimbilie dukani kununua vya mamia ya dola. Kila anayeendesha awe na leseni halali ya udereva mfukoni. Ile ya nyumbani uulize mapema kama inakubaliwa.

Uendeshaji wenyewe hauhitaji ufundi wa bodaboda, na aliyezoea bodaboda ndiye anayepata tabu. Mwendo unaongezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, si kwa kuzungusha mshikio. Breki iko mkono wa kushoto. Kuna kamba ya usalama unayoifunga kwenye koti. Ukianguka inachomoka na injini inazima. Kosa la kila mwanafunzi ni kukaza mikono. Skii hufuata mifereji iliyochimbwa na waliotangulia, na mshikio utacheza kushoto na kulia, uache ucheze. Kwenye kona huinami kama kwenye Boxer, unahamishia uzito wa mwili ndani ya kona huku umekaa. Salma, miaka kumi na tano, alikaa nyuma yangu, na kwa nusu saa ya kwanza alikuwa akinibana mbavu kila kona. Ya pili alianza kuimba ndani ya helmeti.

Mwendo wa juu kabisa ni maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56. Unasikika mdogo. Sasa chukua asubuhi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo huko ni asubuhi ya kawaida, uiendeshe kwa mwendo huo: ngozi iliyo wazi inahisi nyuzi 33 chini ya sifuri. Mshipi wa shingo ulioachwa wazi upana wa kidole kati ya helmeti na koti ndipo baridi itakapoingilia. Vaa kifuniko cha uso kinachofika chini ya kola. Usivae skafu inayoning'inia, na hapa mama yangu alikasirika, kwa sababu kanga yake alitaka kuifunga juu ya suti na ncha zipepee. Mkanda wa mpira unaozunguka chini ya kiti hauchagui cha kumeza. Kanga ikaingia ndani ya koti.

Wanaovaa hijabu: ile nyembamba ya ndani inayobana kichwa, halafu kifuniko cha uso, kisha helmeti. Vizuri kabisa. Wenye misuko minene wapime helmeti na misuko yao ikiwepo, na waombe saizi kubwa bila aibu. Helmeti iliyokalia misuko kama chungu kwenye kata haimkingi mtu.

Chini ya suti, pamba isikaribie ngozi. Fulana ya pamba hunywa jasho na kulishikilia, na wewe ukisimama kuangalia nyati jasho hilo linakuwa kitambaa cha barafu mgongoni. Sufu au vitambaa vya michezo ndivyo vinavyofaa, tabaka mbili nyembamba kuliko moja nene. Watoto wakivaa suti ndani ya gari lenye hita dakika ishirini kabla ya kutoka, watafika mlangoni wameshalowa. Wavishe mwisho, toka nao mara moja. Soksi jozi moja ya sufu, usizidishe. Soksi mbili ndani ya buti inayobana huzuia damu, na vidole vinaganda mapema zaidi. Beba jozi kavu kwenye begi, na mkifika Old Faithful badilisheni, hata wanaosema wako sawa.

Nitakaa kidogo kwenye suala la ngozi kwa sababu vitabu vingi vya huku havikuandikwa vikitufikiria. Vinasema dalili ya kuganda kwa ngozi ni wekundu, kisha weupe. Kwa mtoto mweusi utasubiri wekundu huo hadi jioni. Tafuta rangi ya majivu, kipande cha shavu, ncha ya pua au sikio kilichopauka na kuwa kama nta, kigumu ukikigusa. Muulize mtoto kama anahisi. Akisema hapo hapaumi tena, hiyo si habari njema. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe, kwa hiyo mtu akikuambia mtazoea tu, mtabasamie na umfunge mwanao glavu vizuri.

Pasheni ngozi iliyoanza kuganda kwa kuiweka kwenye ngozi nyingine yenye joto: vidole kwapani, kiganja shavuni. Msisugue, na kabisa msisugue kwa theluji. Na yale mafuta ya mgando tunayowapaka watoto hadi wang'ae hayazuii baridi kali. Yanampa mtoto hisia ya joto ambayo haipo. Mpake usiku kwa ajili ya ukavu.

Mkague mwenzako usoni kila mnaposimama. Sisi tulifanya mchezo, Idi akawa askari wa pua, na kazi hiyo aliifanya kwa ukali wa mgambo wa soko.

Lakini Idi hakupanda pikipiki. Alipanda basi la theluji na bibi yake, na huu ndio uamuzi ninaojivunia kuliko wote. Kama miguu ya mtoto haifiki kwenye vikanyagio akaweza kujizuia mwenyewe, si abiria, ni mzigo unaoweza kudondoka. Basi lina hita, madirisha makubwa na kiongozi anayesimama kila penye mnyama, na linafika Old Faithful kama sisi. Tulikutana huko saa sita. Wao walikuwa wameona tai wawili na kulungu wakubwa ambao sisi tuliwapita bila kujua, masikio yetu yamejaa injini. Mkubwa au mdogo anayesita asilazimishwe.

Njia yenyewe ni kilomita 48 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Unafuata mto Madison hadi makutano ambako mito Firehole na Gibbon inauzaa, na hapo kuna kibanda chenye joto. Simameni. Kunyweni hata kama hamna kiu, maana hewa ni kavu na mko zaidi ya mita 2,000, juu kuliko Nairobi, na kichwa kinachouma saa nane mara nyingi ni kiu tu. Chupa ya maji igeuze juu chini ndani ya begi. Maji huanza kuganda kutoka juu, kwa hiyo mdomo wa chupa hautazibwa na barafu. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya kutunzia joto haina mpinzani. Mayai ya kuchemsha tuliyobeba yaligeuka kokoto, ila chapati zilizokunjwa na kuwekwa ndani ya koti zilifika laini. Simu pia ikae ndani, karibu na mwili, la sivyo itazima saa ile nyati ameinua kichwa.

Nyati wa Marekani hupenda barabara iliyoshindiliwa kwa sababu ileile unayoipenda wewe: inachosha kidogo. Utawakuta wanakujia mmoja mmoja, mgongo umefunikwa barafu, pumzi inatoka kama treni. Kanuni ni mita 23 kutoka kwa nyati na kulungu, mita 91 kutoka kwa mbwa mwitu na dubu, ingawa dubu wengi wakati huo wamelala mashimoni. Nyati mwenyewe hajasoma kanuni, atapita ubavuni mwako. Msikilize kiongozi, jibanzeni upande mmoja, kaeni kwenye pikipiki, nyamazeni. Msimkimbize kwa injini hata hatua tano. Mnyama huyo anaishi kwa mafuta aliyojilimbikizia, na kila mbio unayomkimbiza anailipa mwezi Machi, wakati majani bado yako chini ya theluji.

Mkishauacha Madison na kuufuata Firehole mtaona kitu kilichonichanganya mimi mzaliwa wa pwani: mto usioganda. Chemchemi za moto zinamwaga ndani yake, na ukungu unapanda na kugandia kwenye misonobari hadi miti inasimama myeupe kama watu waliovaa kanzu. Hapo tena maji ndiyo ya kuogopa, safari hii kwa moto. Kwenye mwinuko ule maji huchemka yapata nyuzi 93, na ganda la ardhi linaloyafunika linaweza kuwa jembamba kuliko ubao wa meza, na theluji imelifunika ukadhani ni uwanja. Usitoke kwenye njia za mbao, usimwache mtoto akimbie mbele. Njia hizo nazo zina barafu, kutokana na mvuke unaoanguka na kuganda. Vishikizo vya chuma vya kuvalisha chini ya viatu vinauzwa bei nafuu na vimemwokoa mama yangu nyonga.

Old Faithful huruka takriban kila dakika 90, na muda unaotarajiwa hutangazwa, kwa hiyo usisimame nje ukiingoja. Kaeni ndani, kuleni, badilisheni soksi, tokeni dakika kumi kabla. Kiangazi watu hugombania viti. Siku ile tulikuwa kama thelathini. Iliporuka, mvuke ulikuwa mkubwa kuliko maji yenyewe, na ulipotulia matone yalitushukia yakiwa yameshakuwa punje za barafu. Mama alikinga kiganja chenye glavu, akaziangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu hapungukiwi na mbinu.

Panga kuwa mmerudi kambini kabla ya giza. Barabara za hifadhi hufungwa kwa pikipiki saa tatu usiku, lakini hutaki kuifikia saa hiyo. Jua likizama joto huporomoka na watoto huwa wameshachoka kusema kwamba wanaona baridi.

Siku ya kuondoka usikurupuke. Washa injini, iache ingurume taratibu mbali na wanapolala majirani, na wakati inapasha, panda ngazi ukiwa na fagio. Theluji iliyolala juu ya paa lazima ishuke yote, na kama gari lako lina kuta zinazosukumwa nje, anza na paa zake kabla hujazirudisha ndani, la sivyo zitaingia na barafu na utailalia usiku ujao. Sisi tulisahau sehemu ya mbele. Kwenye mteremko wa kwanza Baba Salma alikanyaga breki, na tandiko zima likateleza kutoka paani likafunika kioo, tukaenda mita mia hivi bila kuona kitu, mama akivuta uradi wake nyuma, hadi tandiko hilo likaangukia bondeni. Fagio la mpini mrefu, dola kumi na mbili. Linakaa garini mwaka mzima sasa.